JINA LA SAA NA JINA LA UKOO: UHAKIKI WA ORODHA ZA WENYE JINA MOJA

Nchini Kenya mtu akitaja Huruma, msikilizaji makini humwuliza, "Huruma ipi?" Kuna Huruma ya Nairobi, jirani ya Mathare, na kuna Huruma ya Eldoret, mtaa uliomo katika wadi ya jina hilohilo, eneo bunge la Turbo, kaunti ya Uasin Gishu. Mitaa hii miwili haina uhusiano ila wa jina. Hapana mtu aliyepata kufikiri kwamba mmoja ulizaa wa pili, au kwamba wakazi wa huku ni ndugu wa wakazi wa kule kwa sababu tu anwani zao zafanana. Lakini uangalifu huu tuutumiao kwa majina ya mitaa hututoka mara tufikapo kwenye majina ya watu.

Makala haya yana nia ya kuhakiki utungo wa aina moja ambao kwa kawaida hauhesabiwi kuwa utungo, nao ni orodha ya watu mashuhuri wenye jina moja la mwisho. Orodha hizi huonekana katika kamusi za wasifu, katika vitabu vya kumbukumbu za michezo na magazetini. Mtungaji wake hajulikani, na msomaji huzipitia kama apitiavyo ratiba ya magari. Hata hivyo orodha ni maandishi, na kama maandishi mengine yoyote ina fani yake, ina madai yake, na ina mambo inayoyanyamazia. Tutachukua mfano wa jina Korir, kwa kuwa katika mitaa ya Eldoret jina hili ni la kila siku, na kwa kuwa waliolibeba wamepata sifa katika nyanja zilizo mbalimbali: kanisa, bunge, riadha, na, kama tutakavyoona, chuo kikuu pia. Hoja yetu ni kwamba orodha kama hii husoma jina la saa kana kwamba ni jina la damu, na kwamba lugha ya Kiswahili yenyewe, kwa istilahi iliyojichagulia, imesaidia kosa hilo lienee.

Orodha ikipangwa kwa alfabeti, kama ilivyo desturi, huwa hivi. Kwanza yuko Cornelius Korir, aliyezaliwa mwaka 1950 upande wa Bomet, akawa Askofu wa Kanisa Katoliki, jimbo la Eldoret, tangu mwaka 1990 hadi alipofariki Oktoba 2017. Anafuata Emmanuel Korir, mshindi wa mita 800 katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, na bingwa wa dunia wa mwaka uliofuata. Kisha Japhet Korir, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2013. Kisha kuna akina John Korir wawili: mmoja aliyekimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, na wa pili, mdogo kwa umri, aliyeshinda marathoni ya Chicago mwaka 2024 na ya Boston mwaka 2025. Kisha Julius Korir, aliyepata dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji huko Los Angeles mwaka 1984. Kisha Sammy Korir, mkimbiaji wa marathoni. Wa mwisho ni Wesley Korir, mshindi wa Boston mwaka 2012, ambaye mwaka 2013 alichaguliwa kuwa mbunge wa Cherangany bila tiketi ya chama chochote, na mwezi mmoja baadaye akarudi Boston kukimbia akiwa mheshimiwa.

Yafaa kwanza tuusifu utungo huu kwa lile ulitendalo vizuri. Orodha ya alfabeti haijui cheo. Askofu ametangulia mkimbiaji kwa sababu tu herufi C hutangulia E, wala si kwa sababu ya joho lake. Na mheshimiwa mbunge yuko mkiani. Ni nadra katika maandishi yetu, ambayo kwa kawaida huanza na rais na kumalizia na mwananchi, kukuta mpangilio usiojali ukubwa namna hii. Aidha orodha huwapa nafasi watu ambao historia nyingine huwaweka pembezoni. Tazama Sammy Korir. Tarehe 28 Septemba 2003 mjini Berlin alianza mbio akiwa mmoja wa wale walioajiriwa kuwaongozea wenzao kasi ya mwanzo, watu ambao kazi yao ni kuchoka mapema na kuondoka barabarani. Hakuondoka. Paul Tergat alimaliza kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55, akaandika rekodi mpya ya dunia. Korir alimaliza sekunde moja nyuma yake, naye pia akiwa amepita rekodi iliyokuwapo asubuhi ile. Katika historia ya marathoni mtu huyu ni maelezo ya ziada chini ya jina la Tergat. Katika orodha ya akina Korir ana mstari wake mwenyewe, mrefu sawa na wa askofu. Hili ni jambo jema, na mhakiki asiyeliona hana haki ya kuendelea.

Upungufu wa orodha uko katika kimya chake. Kinachoyatenganisha majina hayo ni mkato na nukta, kinachoyaunganisha hakielezwi. Msomaji hupewa watu wanane chini ya kichwa kimoja, kisha huachwa ajaze mwenyewe sababu ya kuwakutanisha. Msomaji wa Kiingereza hujaza neno la kwao, ambalo kwake lina maana ya jina lirithiwalo toka baba hadi mwana kwa karne nyingi. Msomaji wa Kiswahili hujaza jingine, naye huwa amelipata tayari limechapwa kwenye fomu: "jina la ukoo". Tutarudi kwenye istilahi hiyo. Kwanza hatuna budi kulitazama jina lenyewe.

Katika lugha za Wakalenjin mtoto hupewa jina kwa kufuata saa au hali aliyozaliwa, na jina hilo hutanguliwa na kiambishi, Kip- kwa wavulana na Chep- au Jep- kwa wasichana. Kipkorir ni aliyezaliwa wakati usiku unapokaribia kwisha, kabla ya kupambazuka. Kipkoech amekuja kukipambazuka. Kibet ni wa mchana. Kiprotich alizaliwa ng'ombe wakirudi zizini, Kiprono mbuzi na kondoo wakirudi, Kiplagat magharibi giza likiingia, Kipkemboi usiku. Kiprop alikuta mvua, Kiptoo alikuta wageni, Kipruto aliwakuta wazazi safarini. Kwa kweli mfumo huu ni saa ya ukutani iliyotengenezwa kwa watoto, na mtu aliyeujua vizuri aliweza kusikia majina ya watoto wa boma moja akajua ni nani aliyemwamsha mkunga usingizini na ni nani aliyemkuta jikoni.

Baada ya kutahiriwa na kuingia utu uzima, mwanamume alichukua jina la baba yake kwa kuliondolea kiambishi cha utotoni na kulitanguliza neno "arap", yaani "mwana wa". Mwana wa Kipkorir akawa arap Korir. Ndiyo kusema, kwa kanuni ya asili, Korir haituambii lolote juu ya saa aliyozaliwa yule aitwaye hivyo; yatuambia saa aliyozaliwa baba yake. Na mwana wake yeye hangekuwa Korir tena, bali angechukua saa nyingine. Jina hili lilikuwa la vizazi viwili tu, la mzazi na la mtoto, kisha linakwisha. Kwa ubatizo, shule na kitambulisho kanuni hiyo imevurugika. Leo kuna Korir ambaye ni mwana wa Kipkorir. Kuna mwingine ambaye yeye mwenyewe ndiye Kipkorir, karani au mwalimu akamkatia jina. Na kuna wa tatu ambaye Kipkorir alikuwa babu yake, jina likaganda. Orodha huwaweka wote watatu katika kapu moja, na haina njia ya kuwatofautisha.

Kosa la kinyume ni baya vilevile. Kwa kuwa alfabeti hutazama herufi tu, orodha ya akina Korir haimjui Benjamin Kipkorir. Huyu alikuwa mwanahistoria, mmoja wa waandishi wa kitabu juu ya Wamarakwet kilichochapwa mwaka 1973, mkurugenzi wa Taasisi ya Taaluma za Kiafrika katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha mwenyekiti wa Benki ya Biashara ya Kenya na balozi wa nchi yake huko Marekani. Alichapisha kumbukumbu za maisha yake mwaka 2009 na akafariki mwaka 2015. Kwa sikio la Mkalenjin, Kipkorir na Korir ni jina moja lililovaa nguo mbili. Kwa jicho la orodha ni watu wa kurasa tofauti. Hivyo mtu pekee ambaye angeweza kuwaeleza wenzake maana ya jina lao, kwa kuwa historia ya watu hao ndiyo iliyokuwa kazi yake, amefungiwa nje ya mlango. Mtindo wa tahajia nao huongeza ufa: Evans Rutto, aliyeshinda Chicago mwaka 2003 na 2004, ana t mbili, basi hataonekana karibu na Isaac Ruto, gavana wa Bomet tangu 2013 hadi 2017, wala na William Ruto, aliyekuwa Rais wa Kenya mwaka 2022, ingawa wote watatu wameitwa kwa safari ileile. Hao wawili wa mwisho, tuseme kwa kupita, walivutana katika siasa kwa miaka kadhaa, na mgeni asiyejua mfumo huu angedhani anaangalia ugomvi wa nyumba moja.

Mfano ulio wazi kuliko yote unasimama katikati ya Eldoret yenyewe. Uwanja wa michezo wa mji huu, ambao tangu mwaka 2024 una hadhi ya jiji, umepewa jina la Kipchoge Keino, aliyeshinda mita 1,500 huko Mexico mwaka 1968 na kuruka viunzi na maji huko Munich mwaka 1972. Jina Kipchoge hufasiriwa kuwa aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka. Kwa Keino hilo ni jina lake mwenyewe, la kwanza. Kwa Eliud Kipchoge, aliyezaliwa mwaka 1984, mshindi wa marathoni ya Olimpiki mwaka 2016 na tena katika michezo ya Tokyo, hilo ni jina la mwisho. Mtunga orodha atamtia Eliud kwenye K-i na Keino kwenye K-e, kisha ataona kuwa ametimiza wajibu. Kijana wa Huruma apitaye karibu na uwanja ule na kuusikia ukiitwa "Kipchoge" aweza kabisa kudhani ni wa Eliud, na mtu wa kumsahihisha hawezi kumwonyesha kosa kwa kutumia istilahi ya jina la kwanza na jina la ukoo, kwa sababu jina ni moja, na katika mmojawapo wa watu hao wawili ni la kwanza, na katika wa pili ni la mwisho, na hakuna mahali linapotaja ukoo.

Wala tusidhani kwamba mfumo wa asili hauna uwezo wa kutofautisha. Mbio za Boston zimewahi kushindwa na watu wawili walioitwa Robert Cheruiyot. Mmoja alishinda mwaka 2003, kisha 2006, 2007 na 2008. Wa pili alishinda mwaka 2010. Majina waliyopewa na kanisa ni sawa, majina yao ya mwisho ni sawa, nchi ni moja na kazi ni moja. Waandishi wa michezo walipohangaika kuwatenga, walichowashika mkono hatimaye ni jina la katikati, lile ambalo fomu nyingi hulipunguza kuwa herufi moja: wa kwanza ni Robert Kipkoech, wa pili ni Robert Kiprono. Mmoja wa mapambazuko, mmoja wa jioni. Saa iliyodharauliwa ndiyo iliyookoa kumbukumbu.

Na je, hakuna undugu hata kidogo katika orodha ya akina Korir? Upo, tena ni mzuri. Wesley aliyeshinda Boston mwaka 2012 na John aliyeshinda Boston mwaka 2025 ni ndugu wa tumbo moja, nao ndio ndugu wa kwanza kushinda mbio hizo wote wawili. Lakini tazama linavyotokea jambo hili katika utungo: Wesley yuko mwisho wa orodha, John yuko katikati akibanwa na John mwingine, na baina ya ndugu hao wamekaa Julius na Sammy. Undugu wa kweli haukuonyeshwa na jina. Tumeujua kwa kuambiwa na wenyewe. Orodha ambayo kazi yake ni kukusanya wenye jina moja imeshindwa kutuonyesha pale ambapo jina hilo, kwa mara moja, lilikuwa na maana ya nyumba moja.

Sasa turudi kwenye istilahi. Katika fomu na katika vitabu vya Kiswahili tumezoea "jina la ukoo". Neno hili limetafsiriwa kutoka mfumo wa Ulaya likidhaniwa kuwa halina upande. Lakini ukoo kwa Kiswahili ni neno zito: ni watu wa nasaba moja, wenye mhenga mmoja. Wakalenjin wanao ukoo, nao huuita "oret", neno ambalo lina maana ya njia pia. Kila ukoo una mnyama au kitu chake cha kuutambulisha. Korir si oret. Watu wa koo kumi waweza kuzaliwa alfajiri moja. Zaidi ya hayo, mapokeo yanalo jina linalomfunga mtoto na wafu wa jamaa yake. J. G. Peristiany, aliyechapa utafiti wake juu ya Wakipsigis mwaka 1939, ameeleza sherehe ya "kurenet", ambamo wazee wa kike huyataja majina ya marehemu wa jamaa moja baada ya jingine mpaka mtoto apige chafya, na jina lililotajwa wakati huo ndilo lake. Kama kuna jina katika mfumo huu lililostahili kuitwa la ukoo, basi ni hilo. Nalo haliandikwi popote. Haliko kwenye kitambulisho, haliko kwenye cheti cha shule, haliko kwenye ubao wa matokeo ya mbio. Dola iliandika la saa, ikaliita la ukoo. La ukoo ikaliacha kwa bibi.

Mazoea hayo yana asili. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kuchukua kipande, karatasi iliyotiwa katika kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Kipande kilitaka jina la mtu na kabila lake ili mwajiri aweze kumfuatilia akitoroka kazi. Jina lililobadilika kila kizazi, na mtu mwenye majina manne kwa nyakati nne za maisha yake, ni taabu kwa mfumo kama huo. Hatusemi kwamba karani wa mkoloni alikaa akapanga kuharibu maana ya Korir. Alitaka tu mstari mmoja, naye akaupata.

Wahakiki wa Kiswahili nao hawawezi kujitoa katika lawama hii. Tumelelewa na riwaya ambazo jina la mhusika ni ufunguo wa tabia yake. Tukisoma Shaaban Robert tunajua mapema kwamba Adili atakuwa na uadilifu na Utubora atakuwa na utu. Tukasahihisha insha nyingi za wanafunzi kwa kipimo hicho hicho. Katika riwaya njia hiyo ina haki yake, kwa kuwa mwandishi amechagua. Lakini imetujengea mazoea ya kuamini kwamba jina ni hati ya kumwelezea mtu, na mazoea hayo tumetoka nayo kitabuni tukaenda nayo barabarani.

Barabarani kulikuwa na hatari. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia zilizuka nchini Kenya, na Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Bonde la Ufa liliumia kuliko mahali pengi, na mitaa ya mchanganyiko ya Eldoret, kama Huruma na Langas, ambamo Mkalenjin, Mkikuyu, Mluhya na Mluo walikuwa wakipanga vyumba katika ploti moja, haikusalimika. Kwenye vizuizi vya njiani vijana walisimamisha magari na kudai vitambulisho. Hawakuwa wakitafuta picha wala tarehe ya kuzaliwa. Walikuwa wakisoma jina la mwisho.

Mtu atatupinga hapa akisema kwamba kijana wa kizuizini hakukosea: jina Korir humtambulisha Mkalenjin na jina Kamau humtambulisha Mkikuyu, basi yale ya saa na damu ni mambo ya darasani. Pingamizi hili lina uzito, nasi hatuwezi kulipuuza. Ni kweli kwamba jina huonyesha lugha aliyoitiwa mtu siku alipozaliwa. Lakini kijana yule hakuuliza, "Ulipewa jina kwa lugha gani?" Alichouliza ni, "Wewe ni wa nani?" naye aliamini kwamba jibu liko kwenye karatasi. Orodha ya watu mashuhuri na kizuizi cha barabarani ni vitu vilivyo mbali mno kwa nia, na hatupendi msomaji adhani kwamba tunavilinganisha kwa ubaya. Tunasema tu kwamba namna ya kusoma ni moja. Vyote viwili huchukua neno la mwisho katika jina la mtu, huliita ukoo, kisha humhesabia mtu ndugu zake bila kumwuliza.

Katika siku hizo hizo Askofu Korir alifungua viwanja vya Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Eldoret, na maelfu ya watu waliokimbia makwao wakalala humo, wengi wao Wakikuyu. Mwaka 2009 aliandika kitabu kiitwacho Amani Mashinani juu ya kazi ya kuwapatanisha watu wa vijiji, jirani kwa jirani. Kwa hesabu ya kizuizini, mtu mwenye jina lile hakutarajiwa kuwafungulia lango wale waliofika pale. Wasifu wake ukitiwa katika orodha ya akina Korir utataja uaskofu na miaka, lakini kwa kuwa orodha imejengwa juu ya dhana ya kwamba jina ni jamaa, haitakuwa na mahali pa kulionyesha jambo lililo kubwa kuliko yote aliyoyatenda, yaani kwamba aliwachukua kuwa watu wake wale ambao jina halikumpa.

Je, orodha za namna hii ziachwe? Hatufikiri hivyo. Tunapendekeza ijaribiwe orodha nyingine kando yake, inayofuata maana badala ya herufi. Huruma ya Eldoret ni mahali pazuri pa kuianzia, kwa kuwa darasa moja la shule ya mtaa huo laweza kuwa na Kiprop, Okoth na Wafula kwenye benchi moja. Kiprop ni mtoto wa mvua kwa Kikalenjin. Okoth ni mtoto wa mvua kwa Kijaluo. Wafula, kwa Wabukusu, ni mtoto wa majira ya mvua. Basi chini ya kichwa cha mvua wangekutana Asbel Kiprop, aliyepewa dhahabu ya mita 1,500 ya Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008 baada ya mshindi wa kwanza kunyang'anywa. Duncan Okoth-Okombo, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyeandika juu ya Kijaluo na lugha ya alama. Na Wafula Chebukati, mwanasheria aliyesimamia tume ya uchaguzi wa 2017 na 2022. Hawa ni watu wa nyanja tatu na lugha tatu, na jina lao kwa hakika ni moja. Chini ya kichwa cha asubuhi wangekaa akina Korir na akina Koech wote, pamoja na Beatrice Chepkoech, aliyeweka rekodi ya dunia ya kuruka viunzi na maji mwaka 2018, na pembeni yao Grace Ogot, mwandishi wa hadithi na mwanasiasa, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Akinyi. Waswahili nao wasikae nje: Juma ni aliyezaliwa Ijumaa, na mamilioni ya akina Juma hawajapata kudaiwa kuwa ukoo. Hata Kofi Annan, aliyekuja Nairobi mapema mwaka 2008 kuwapatanisha viongozi wa Kenya, jina lake kwa Waakan wa Ghana lina maana hiyohiyo ya Ijumaa. Alikuwa Juma aliyetoka mbali.

Orodha hii ina mapungufu yake, nasi twayakiri. Haimhusu kila mkazi wa Huruma. Wagikuyu huwapa watoto majina ya babu na bibi kwa utaratibu maalumu, na huko jina kweli huzunguka ndani ya jamaa, ijapokuwa nje ya jamaa akina Kamau ni wengi kama nyota. Tena maana za baadhi ya majina ya Kikalenjin hufasiriwa kwa namna tofauti kutoka lahaja moja hadi nyingine, na hata kiambishi chenyewe si cha kutegemewa sana: Cheruiyot, ambalo hufasiriwa kuwa ni la saa ya watu kulala, hubebwa na wanaume bila shida, na Evans Chebet aliyeshinda Boston mwaka 2022 na 2023 ni mwanamume vilevile. Mtunga orodha ya maana atalazimika kuuliza kila mara, na huenda hilo ndilo litakalomchosha.

Kuhusu istilahi, tungependa "jina la ukoo" liondolewe kwenye fomu zetu kwa watu ambao halielezi hali yao. Wengine wamependekeza "jina la baba". Hilo ni karibu zaidi na arap Korir, lakini litamwacha nje Samuel Kamau Wanjiru, mshindi wa marathoni ya Beijing mwaka 2008, ambaye jina lake la mwisho ni la mama yake. Na katika mitaa kama Huruma watoto walioandikishwa kwa jina la mama si wachache. "Jina la mzazi" lingewatosha wote wawili. Mwalimu wa darasa la kwanza angeliandika bila kuuliza swali la pili, na mzazi aliyesimama mbele ya meza yake asingelazimika kutaja mume asiyekuwapo.